Nguo, makao, ufadhili wa mtoto mmoja au kuwatafuta ndugu: mchango wa watoto waliokimbia vita uende wapi?

Mwishoni mwa Januari 2025, siku chache baada ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, kikundi chetu cha kusaidiana hapa Tabata, Dar es Salaam, kilikubaliana bila mabishano kwamba sehemu ya mfuko wa jamii itumike kuwasaidia watoto walioathiriwa na vita. Mabishano yalianza tulipofika kwenye swali la njia. Mmoja alitaka tukusanye nguo, mwingine alitaka twende kwenye makao ya watoto tukiwa na mchele na mafuta, wa tatu alikuja na fomu za shirika linalotafuta wafadhili wa mtoto mmojammoja, nami nikiwa mweka hazina nilipendekeza kazi ambayo wengi walikuwa hawajaisikia, yaani kuwatafuta ndugu wa watoto waliopotezana na wazazi wao. Tulitumia majuma matatu kuzilinganisha njia hizo nne. Kwa kuwa najua kwamba vikundi vingi vya jiji hili, vya misikiti, vya jumuiya ndogondogo, vya VICOBA na vya wafanyakazi wa ofisi moja, vimekwama kwenye njia panda hiyohiyo, naandika hapa tuliyoyaona. Upande wangu ninao, na nitaeleza nimeufikiaje.

Ni vema kwanza tujue tunawazungumzia watoto gani, kwa sababu maneno "watoto wa vita" huwafanya wengi wamfikirie mvulana mwenye bunduki. Wapo watoto wa namna hiyo, na Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 aliyetumiwa na jeshi au kundi lenye silaha, awe alibeba bunduki, alipika, alibeba mizigo, alitumwa kupeleleza au, kama ilivyowapata wasichana wengi, alifanywa mke wa mpiganaji. Lakini walio karibu nasi zaidi ni wale waliofika nchini wakikimbia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliotoka hasa Kivu Kusini, na wako waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao. Mwaka 2015 Warundi walimiminika katika kijiji cha Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikawakuta hapohapo, na meli ya MV Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma mjini ili wapelekwe kambini. Katika kila msafara wa namna hiyo hakosekani mtoto aliyeshika mkono wa jirani kwa sababu mkono wa mama yake umeponyoka njiani.

Jambo la pili la kujua mapema ni kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi waishi katika maeneo yaliyotengwa, na kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mtu hawezi kupanda basi pale Mbezi kwenye kituo cha Magufuli, akashuka Kasulu na kuingia Nyarugusu na furushi lake. Kwa hiyo mchango wetu lazima upite mikononi mwa wengine, na kulinganisha njia ni kulinganisha pia mikono hiyo.

Nguo na vitu nitavieleza kwa ufupi, kwa kuwa tulikwishajaribu. Mwaka 2015, wakati wa Kagunga, tulikusanya magunia kumi na saba katika mitaa minne. Tulipoyafungua kuchambua tulikuta sare za shule zetu za msingi, vitabu vya mtaala wetu, viatu vya mguu mmoja na magauni ya harusi. Shule za kambini hufundisha kwa mitaala ya nchi walizotoka wakimbizi, ya Kongo na ya Burundi, tena hasa kwa Kifaransa, hivyo kitabu cha Hisabati cha Darasa la Tano kilichotoka Tabata hakina dawati la kukaa kule. Kigoma iko zaidi ya kilometa 1,200 kutoka hapa, na nauli ya lori ilikaribia thamani ya mzigo wenyewe, fedha ambazo zingenunua nguo mpya katika soko la Kasulu na kumwachia faida mfanyabiashara wa kule. Vitu vina wakati wake, nao ni siku za mwanzo watu wanapovuka kwa wingi, iwapo shirika lililoko kule limetoa orodha yake: mablanketi, ndoo, sabuni, vitambaa vya hedhi. Nje ya wakati huo na bila orodha hiyo, sishauri.

Makao ya watoto ni suala zito zaidi, maana ndiyo njia ambayo mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuiona kwa macho yake siku ya Jumamosi na kurudi nyumbani moyo umetulia. Mwaka 2019 nilikwenda na wenzangu wa kazini kwenye makao fulani nje kidogo ya jiji, tukiwa na mchele, mafuta, sabuni na katoni za soda. Watoto walikuwa wamepangwa kwa urefu chini ya mwembe, wakaimba nyimbo tatu, kisha mlezi akamwita mvulana wa miaka kama kumi na mmoja na kumtaka awasimulie wageni jinsi baba yake alivyouawa. Alisimulia kwa Kiswahili cha Bukavu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, macho yake yakiwa kwenye kizibo cha soda alichokuwa akikigeuzageuza kwa kidole gumba, na alipofika mwisho alisema "aksanti" akarudi kwenye mstari. Ilikuwa wazi kwamba alikwishaisimulia mara nyingi, na kwamba kila mara malipo yake yalikuwa soda. Tulipiga makofi. Makofi yale yananiuma hadi leo.

Sisemi kwamba makao yote yako hivyo. Yako yanayoendeshwa kwa uadilifu, yenye leseni inayotakiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yenye afisa ustawi wa jamii anayeyatembelea na walezi waliodumu miaka mingi wakamjua kila mtoto kwa tabia yake. Ninachosema ni kwamba makao yanapaswa kuwa kimbilio la mwisho na la muda. Ndivyo unavyosema Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala wa mwaka 2009, na sababu zake zinaeleweka kwa yeyote aliyelea. Walezi huenda kwa zamu, mtoto anamzoea mtu naye anaacha kazi, na ndugu wanagawanywa katika mabweni kwa umri na jinsia. Duniani kote watoto wengi waliomo katika makao wana mzazi angalau mmoja aliye hai, au shangazi, au bibi, ambaye angewapokea lau angepata msaada kidogo. Zaidi ya hapo, fedha huvuta watoto. Makao yanayopata wageni wengi yana sababu ya kubaki yamejaa, na anayetafuta sababu ya kumrudisha mtoto kwa bibi yake hapati wafadhili kwa kufanya hivyo.

Iko hali ambayo ningeyachangia makao bila kusita. Kwa mtoto anayetoka katika kundi lenye silaha, kurudi kijijini siku ileile huweza kuwa hatari, kwa kuwa waliomteka wanamtafuta na majirani wanakumbuka alichotumwa kukifanya. Kwa watoto hao, huko Kongo kuna vituo vya mpito ambako hukaa kwa muda mfupi, wakatibiwa, wakapumzika, huku familia zao zikitafutwa na kuandaliwa. Basi swali la kuyauliza makao yoyote ni moja: katika mwaka uliopita, ni watoto wangapi wameondoka hapa kwenda kwa ndugu zao, na nani aliyekwenda kuwatazama baadaye? Meneja asiye na jibu la swali hilo amejibu tayari.

Ufadhili wa mtoto mmoja una uzuri wake, nao ni kwamba fedha inatoka kila mwezi bila kukumbushwa, na mchangiaji anayejua jina na kuona sura hachoki haraka. Lakini kwa watoto wa vita hasa, uzuri huo unageuka udhaifu. Maisha ya mkimbizi hayatulii. Urejeaji wa hiari wa Warundi ulianza mwaka 2017, kambi ya Mtendeli wilayani Kakonko ikafungwa mwaka 2021 na waliokuwamo wakahamishiwa Nduta, na mtoto aliyekuwa na mfadhili anaweza kuamka siku moja yuko ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo shirika lile halina ofisi. Halafu kuna nyumba yenye watoto watano ambamo mmoja ana begi jipya na wanne wanamtazama. Kubwa kuliko yote ni picha. Msichana aliyetoroka kundi lenye silaha hapaswi kuonekana uso wake kwenye bango, kwenye kalenda wala kwenye kundi la WhatsApp la wachangiaji, kwa kuwa picha hiyo inaweza kumfikia aliyemteka, au kumfikia mchumba wa kesho atakayemkataa. Yapo mashirika yanayoita mpango wao ufadhili wa mtoto huku fedha yenyewe ikitumika kwa shule nzima au mtaa mzima wa kambi. Hayo ni afadhali, ila yaombwe yaeleze hivyo bila kificho.

Sasa nifike kwenye njia niliyoichagua, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa kuwa ni kazi isiyoonekana na ndiyo maana haichangiwi.

Mimi ni mzaliwa wa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takribani siku moja, na kwa majuma mengi baadaye kila kijana aliyejua kuandika alitafutiwa kalamu. Nikiwa nazungumza Kihangaza, ambacho Mnyarwanda anakisikia bila shida, nilipangwa kwenye hema la kuandikisha watoto waliofika peke yao. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la baba, la mama, la babu, la kijiji, la shule na la kanisa. Mtoto wa miaka minne hana majibu hayo. Mama yake anaitwa Mama, na kwao ni nyumbani. Nakumbuka msichana mdogo aliyekaa kimya asubuhi nzima, kila nilichomuuliza akatikisa kichwa, mpaka mama mmoja wa Kihangaza aliyekuwa akigawa uji alipomuuliza kama kwao wana ng'ombe. Akasema, "Bihogo." Tuliandika jina la ng'ombe kwenye nafasi ya jina la baba, kisha tukaongeza kwamba ng'ombe huyo ana pembe moja iliyovunjika. Picha za watoto wale zilibandikwa kwenye mbao ambazo watu walipita kuzitazama kutwa, na kazi ya namna hiyo iliendelea kwa miaka baada ya vita kwisha. Bibi aliyemtambua alipokuja, hakuulizwa kwanza jina la mtoto. Aliulizwa jina la ng'ombe.

Kanuni ileile inatumika mpaka sasa, ingawa simu na kompyuta zimeongezeka. Mtoto anahojiwa peke yake, ndugu anahojiwa peke yake, na majibu yanalinganishwa kabla hawajaonana, kwa kuwa wapo wanaodai mtoto asiye wao ili awe mtumishi wa nyumbani au waongezewe mgao wa chakula. Mtoto mwenyewe anaulizwa kama anataka kwenda. Msalaba Mwekundu una barua zake za familia, karatasi ambayo haifungwi, inayobeba habari za nyumbani tu bila siasa wala mambo ya kijeshi, na kwa kijiji kisicho na mtandao wa simu karatasi hiyo bado ndiyo njia ya kumwambia mama kwamba mwanawe yu hai. Ndugu akipatikana, kuna nauli, kuna vibali vya pande mbili, kuna siku ya kukabidhiana. Baada ya hapo huja sehemu ambayo wachangiaji huisahau, ya kurudi kumtazama mtoto baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya mwaka, kuona kama anakula na wenzake na kama anakwenda shule.

Wakati utafutaji unaendelea, mtoto hakai hewani. Analelewa na familia nyingine ya wakimbizi, mara nyingi ya lugha moja na kijiji jirani, katika kile maafisa ustawi wa jamii wanachokiita malezi ya kambo. Jina hilo haliwatendei haki walezi hawa, maana mama wa kambo wa hadithi zetu ni mkatili, ilhali hapa ni mwanamke mwenye watoto wake wanne anayekubali wa tano katika kibanda kilekile. Mzigo wake ni mkubwa. Mwaka 2017 utoaji wa fedha taslimu badala ya chakula kambini Nyarugusu ulisitishwa, na mwaka 2023 mgao wa chakula ukapunguzwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa. Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwaka 2025, mashirika mengi yalianza kupunguza wafanyakazi, na wa kwanza kupunguzwa katika hali kama hiyo huwa ni yule anayezunguka kwa pikipiki kuwatembelea watoto. Godoro, blanketi, sufuria ya pili, mafuta ya pikipiki na mshahara wa mzungukaji mmoja: huko ndiko fedha ya kikundi cha watu arobaini inakoonekana.

Wako wenzangu waliouliza kuhusu matibabu ya akili, wakisema mtoto aliyeona mauaji anahitaji mtaalamu kabla ya ndugu. Baadhi wanamhitaji kweli, na wasinyimwe. Lakini mwongozo ambao mashirika ya kibinadamu yaliuafiki mwaka 2007 kuhusu msaada wa kisaikolojia na kijamii umepangwa kama piramidi, ambayo chini kabisa kuna usalama na mahitaji ya msingi, kisha familia na jamii, na daktari yuko kileleni kwa wachache ambao ngazi za chini hazikuwatosha. Watoto wengi hurejewa na usingizi wanapokuwa na mtu mmoja asiyeondoka, shule inayofunguliwa kila asubuhi, na mchezo. Kumpeleka mshauri nasaha kwa siku mbili kisha arudi Dar es Salaam ni kumfungua mtoto jeraha na kuondoka na bandeji.

Njia hii ina kasoro zake na sitazificha. Ni ya polepole. Hakuna picha ya kuonyesha kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka. Wakati mwingine ndugu anapatikana naye anakataa, au mtoto anakataa, au inabainika kwamba wote wamekufa, na fedha iliyotumika imenunua jibu hilo tu. Kikundi ambacho wanachama wake wanahitaji kuona ili waendelee kuchanga kitapata tabu.

Hata hivyo kipimo kilichotuamulia kilikuwa kingine. Mzee mmoja wa kikundi aliuliza kitatokea nini siku sisi tukishindwa kuchanga, jambo ambalo kwa vikundi vyetu si la kufikirika tu. Nguo zitakuwa zimechakaa na hakuna atakayejua. Makao yatapungukiwa chakula cha watoto ambao kwa sehemu ni sisi tuliowafanya wakae pale. Mtoto mwenye mfadhili ataambiwa kwamba ada haipo, naye ataamini kwamba amekosa jambo. Lakini mtoto aliyekwisha kufikishwa kwa mama yake mdogo amefika. Kuacha kwetu kuchanga hakumrudishi njiani.

Kuhusu mikono ya kupitishia, tuliomba kila shirika cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na sera ya ulinzi wa mtoto iliyoandikwa, na tuliuliza kama lina ruhusa ya kufanya kazi kambini au linapitia kwa mwingine. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na msajili wake yuko katika wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, hivyo kuhakiki si kazi ngumu. Shirika moja lilitutumia ndani ya saa moja picha kumi na mbili za watoto, zote zikiwa na majina kamili na kijiji cha asili. Lililiona hilo kuwa uwazi. Sisi tuliona sababu ya kutolipatia hata shilingi.

Kwa kikundi kinachoweza kutoa mara moja tu, ningeshauri kisubiri wito wa dharura wenye orodha na kitoe fedha taslimu kwa shirika kubwa lililoko mahali penyewe. Kwa mtu mwenye ujuzi kuliko fedha, hasa anayejua Kifaransa vizuri, mashirika ya elimu yanaweza kumtumia kutafsiri na kuandaa mazoezi ya shule. Kwa msikiti au kanisa lililo jirani na makao na linalotaka kuyasaidia, fedha iombwe iende kwenye mshahara wa afisa ustawi wa jamii na nauli za kuwatembelea ndugu, badala ya soda na mchele wa siku moja. Kwa kikundi kinachoweza kutoa kidogo kila mwezi kwa miaka miwili au zaidi bila kudai sura ya mtoto, kazi ya kuwatafuta ndugu na kuzishika mkono familia za malezi ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote.

Sisi tuliamua hivyo mwezi Machi. Taarifa ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa karatasi moja na nusu, isiyo na jina wala picha, nami niliisoma kwa sauti kwenye mkutano. Watoto watatu walikuwa wamefikishwa kwa ndugu, wawili kati yao wa tumbo moja. Watano walikuwa bado kwenye familia za malezi, na mzungukaji alikuwa amezifikia zote. Mmoja, mvulana anayekadiriwa kuwa na miaka sita, alikuwa bado hajapatiwa mtu. Anachokumbuka ni mti mkubwa sokoni na mwanamke aliyekuwa akiuza samaki chini yake. Faili lake halijafungwa, na mchango wa mwezi huu tumeutuma.